Paka mkubwa uliyemwokota: namna ya kumtafutia nyumba inayomfaa Nairobi

Mtoto wa paka hujitafutia nyumba mwenyewe. Weka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la ploti jioni, na kabla ya saa tatu usiku watu wanne wameshamwitisha. Lakini paka wa miaka minne, mwenye sikio lililochanika na sauti kama mlango usiotiwa mafuta, utakaa naye bafuni wiki sita huku ukijibiwa "woiye, Mungu akubariki", na hakuna anayekuja kumchukua.

Nimewapitisha paka wakubwa kadhaa katika nyumba yangu ya vyumba viwili. Mmoja alirudishwa baada ya siku tisa. Huyo ni Makanika, dume la kijivu nililolitoa chini ya matatu bovu likiwa limepakaa oili mgongo mzima. Kurudishwa kwake kulinifunza kuliko wote waliotulia walikokwenda, na kosa lilikuwa langu. Nitalieleza mbele.

Ukimshika paka mkubwa mkononi una kitu ambacho mwenye mtoto wa paka hana: tabia yake tayari inajulikana. Unaweza kujua kama anapenda kubebwa, kama anavumilia watoto, kama atalala mchana kutwa peke yake bila kulia. Kwa hivyo usihangaike kutafuta mtu mwenye huruma. Wenye huruma Nairobi wamejaa. Hangaikia kulinganisha paka huyu na nyumba ile, na kwa mji huu wa kupanga, nyumba ndiyo huharibu mambo mara nyingi kuliko mtu.

Hakikisha kwanza si wa mtu

Buruburu au South C paka mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika nyumba tatu, na kila nyumba inaamini inamlisha peke yake. Kabla hujamtafutia makao, uliza kama anayo. Mwonyeshe picha soja wa geti, mama mboga, na vijana wanaoosha magari. Hao ndio wanaojua nani huingia mlango upi. Bandika karatasi getini na dukani, lakini usitoe sifa zote: acha alama moja, tuseme doa chini ya kidevu, ili anayedai ni wake aitaje yeye.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo mwenye kifaa cha kusoma maikrochipu, kile kidude kidogo chini ya ngozi chenye nambari ya kumtambulisha mwenyewe. Paka wengi wa hapa hawana, ila aliyeingia nchini na familia kutoka nje huenda anayo, na utajuta kumpa mtu mwingine. Mimi husubiri wiki mbili.

Tazama masikio. Sikio moja likiwa limekatwa ncha kwa mstari ulionyooka, huyo alishahasiwa na kurudishwa mtaani kwa makusudi. Huenda kuna mtu anayemlisha kila jioni nyuma ya duka, na wewe ndiye umemwibia.

Halafu kuna paka shume. Paka aliyepotea au kutupwa huogopa siku tatu nne, kisha chakula na kimya humlegeza, akaanza kujisugua mguuni mwako. Shume aliyekulia mtaani bila kuguswa na binadamu atabaki amejibana ukutani wiki baada ya wiki, macho yametoka. Huyo usimlazimishie sebule ya mtu. Mhasi, mchanje, mrudishe alikotoka, na mlishe huko. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wema wakimtesa shume miezi mitatu kwenye choo wakidhani wanamwokoa.

Kwa daktari, kabla ya tangazo

Hakikisha daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kama pesa ni kidogo, ulizia pia hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, kisha linganisha bei za kliniki mbili tatu, kwa kuwa hutofautiana sana kwa kazi ile ile.

Omba haya: apimwe uzito, akadiriwe umri kwa meno, apewe dawa ya minyoo na ya viroboto, na apimwe virusi viwili vya paka, FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili, na lukemia ya paka. Vyote viwili haviambukizi binadamu. Paka mwenye FIV anaweza kuishi miaka mingi vizuri tu, ila huambukiza paka wenzake hasa kwa kuumana, kwa hiyo anafaa nyumba ambako atakuwa peke yake asiyetoka nje. Ukijua mapema unatafuta nyumba ya aina hiyo tangu mwanzo.

Chanjo ni mbili. Ya kwanza hukinga mafua ya paka na ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua paka wengi, na hurudiwa baada ya wiki tatu au nne. Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye; paka naye huupata na kuueneza, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka wa mtaani, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhasi usimwachie mwenyeji mpya. "Nitamfanyia mwezi ujao nikilipwa" ni ahadi nzuri ambayo mimba haiingoji: paka jike hubeba takriban wiki tisa, na anaweza kushika mimba nyingine kabla watoto wa kwanza hawajaacha kunyonya. Dume nalo, hata baada ya kuhasiwa, bado linaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo lisiachwe karibu na majike. Lakini ule mkojo wake mkali wa kuwekea mipaka hupungua, na hilo peke yake huokoa ndoa nyingi.

Tahadhari mbili ambazo wauza duka hawatakuambia. Dawa za kupe za mbwa zenye permetrini au amitrazi huua paka, usimwogeshe nazo hata kidogo. Na kidonge cha parasetamoli unachomeza ukiumwa kichwa ni sumu kwake. Kimoja tu chatosha.

Kama una paka wengine, mtenge mgeni angalau wiki mbili, vyombo vyake na mchanga wake pembeni. Weka kadi ya chanjo mahali salama. Kadi hiyo ndiyo itakayomshawishi mwenyeji mzuri.

Msome paka wako

Mpe wiki tatu kabla hujamwandika tangazo. Paka wa siku tano za kwanza si paka halisi. Wengine huanza wakali wakaishia kulala kifuani mwako, wengine huanza wapole kwa sababu wamekufa ganzi na hofu, wakachangamka baadaye na kuanza kupanda mapazia.

Chukua daftari. Andika anakula nini na anakataa nini. Je, hutumia beseni la mchanga kila mara, au hukojoa zulia ukichelewa kulisafisha? Anafanya nini blenda ikiwashwa, mgeni akiingia, mtoto wa jirani akipiga kelele koridoni? Ukimbeba, anavumilia sekunde ngapi kabla mkia haujaanza kupiga huku na huku? Mwache peke yake saa nane, kisha umwulize jirani kama alilia. Akikutazama na kufumba macho polepole, anakuamini. Andika hilo pia.

Kosa langu na Makanika lilikuwa hapa. Nilijua kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri huenda mlangoni na kulia mpaka mtu aamke akae naye. Hakutaka chakula, alitaka kampani. Sikuliandika. Nilijiambia ataacha akizoea. Nikampeleka kwa mume na mke waliokuwa na mtoto mchanga, watu waungwana kabisa, ambao walikuwa wanapata labda saa nne za usingizi usiku mmoja. Siku ya tisa baba alikuja na kisanduku mkononi, macho mekundu, akiniomba msamaha. Mimi ndiye niliyepaswa kuomba.

Kwa hivyo daftari lako liwe na ukurasa wa kasoro, na ukurasa huo usomwe kwa kila anayemtaka.

Tangazo

Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa usawa wa macho ya paka. Paka mweusi mweke juu ya shuka jeupe au la njano, la sivyo utawatumia watu picha ya shimo lenye macho mawili. Weka moja akiwa kwenye kiti ili ukubwa wake uonekane, na video fupi akishikwa. Usionyeshe geti lako wala nambari ya nyumba.

Maneno yawe ya kweli na mafupi. Mfano:

"Jike, kama miaka mitano, rangi ya chui. Amefungwa uzazi, amechanjwa, kadi ipo. Mtulivu, hutumia mchanga bila kukosea. Anapenda kukaa kando yako, hapendi kubebwa. Mbwa hawezi kabisa. Anafaa nyumba ya watu wazima au watoto wa shule, madirisha yenye wavu. Mwenye nyumba wako awe amekubali."

Epuka neno "bure". Humvuta mtu ambaye hajafikiri. Epuka pia hadithi ndefu ya mateso. Inaleta waliosikitika usiku ule, na huruma ya usiku mmoja huisha asubuhi paka akitapika kwenye kochi.

Mahali pa kutangaza: kundi la esteti, ubao wa kliniki alikotibiwa, ofisini, kanisani au msikitini. Waislamu wengi wa Eastleigh na South C wamelelewa wakijua kwamba paka si najisi na kwamba Mtume aliwahurumia, na nimepata miongoni mwao wenyeji wazuri mno. Unaweza pia kuwapigia KSPCA, shirika la kutetea wanyama, ambao wana makao yao Karen na huwatafutia wanyama wenyeji. Piga kwanza, uliza kama kuna nafasi. Kumwacha paka ndani ya katoni nje ya geti lao usiku ni kumtupa, hata kama ni geti la watu wema.

Paka mweusi ana shida ya ziada, maana bado wapo wanaomhusisha na majini na uchawi. Wengi humkwepa tu, na hao hawana neno. Anayenitia wasiwasi ni yule anayesisitiza awe mweusi tii, bila doa, na hajali umri wala afya. Huyo simjibu.

Simu moja ndefu

Wengine hutuma fomu ya maswali thelathini. Mimi napiga simu, kwa sababu mtu akizungumza dakika ishirini hujisema. Naanza kwa kuuliza paka aliyekuwa naye zamani alipatwa na nini. "Alipotea tu" si dhambi, mradi nisikie alimtafuta vipi. Mtu aliyepoteza watatu mfululizo kwa njia ile ile atampoteza wa nne.

Kisha naingia kwenye swali linaloamua mengi: mwenye nyumba amekubali? Hapo ndipo sauti hubadilika. "Hawezi kujua", "keateka ni rafiki yangu". Keateka akibadilishwa, au jirani wa chini akilalamika, notisi huja na paka ndiye anayetolewa. Naomba ujumbe mfupi kutoka kwa mwenye nyumba au wakala, hata mstari mmoja. Wanaokasirika kwa ombi hilo wameshanijibu.

Swali la pili ni dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za Nairobi yeye ndiye atakayekuwa na paka kutoka asubuhi hadi jioni, yeye ndiye atakayezoa mchanga. Kama anaogopa paka, au hakuulizwa, paka atafungiwa balkoni mchana kutwa na wewe hutajua. Naomba kuzungumza naye, kwa heshima, na namsikiliza kuliko ninavyomsikiliza tajiri wake.

Desemba wanakwenda ushago? Nani atabaki na funguo? Jibu la "tutamwachia chakula kingi" kwa wiki tatu halifai.

Wanamtaka kwa sababu ya panya? Hiyo haiharibu kitu. Paka na panya ni mkataba wa kale kuliko sisi, na wapo paka wakubwa ambao kazi hiyo huwafurahisha. Ila uliza kuhusu sumu. Nyumba au ploti inayotega sumu ya panya inaweza kumuua paka anayekula panya aliyelegea. Ama sumu, ama paka.

Mwanamke mjamzito hana haja ya kumkataa paka. Hofu ni vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni; hutoka kwenye kinyesi, na huchukua siku moja hadi tano kabla havijaweza kuambukiza. Mchanga ukizolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari hiyo hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo huambukiza. Mweleze hivyo, na azungumze na daktari wake.

Nyumba za Karen, Lang'ata au Runda zenye uwanja mpana huonekana kama pepo ya paka. Uliza kuhusu mbwa. Katika makazi mengi mbwa wa ulinzi hufungwa mchana na kuachiliwa usiku, na wale hawajafundishwa kutofautisha paka wa nyumba na mwizi. Bedsita ya Roysambu yenye mtu mmoja mtulivu inaweza kumfaa paka mkubwa kuliko ekari nzima.

Wanaonifanya niage kwa upole: anayemtaka leo leo, anayetaka kumfanyia mtu zawadi ya ghafla, anayeuliza kama naweza kumpa ambaye hajahasiwa, asiyetaka nifike kwake.

Fika ukaone

Nenda wewe, bila paka. Unaangalia madirisha kwanza. Grili huzuia mwizi, paka hupita katikati yake bila kunyoa sharubu. Ghorofa ya pili kwenda juu, dirisha analoweza kufikia na balkoni vinahitaji wavu wa chuma uliokazwa na fundi kwa waya, kwa sababu neti laini ya mbu huchanwa na kucha siku ya kwanza. Paka hawaruki kwa kujiua. Hufuata njiwa wakateleza, na huvunja taya na kifua. Usikubali "tutaweka". Wavu uwekwe, nitumie picha, ndipo paka aje.

Tazama vasi. Maua ya lili, hata chavua yake tu iliyomdondokea manyoya akajilamba, huharibu figo za paka, na mji huu una maua kila kona. Tazama tangi la maji lisilofunikwa, ua wa nyaya za umeme juu ya ukuta, barabara iliyo karibu. Mwombe akuonyeshe beseni la mchanga litakaa wapi. Liwe mbali na chakula. Mchanga wa dukani ukiwa ghali, mchanga mkavu wa ujenzi uliochekechwa au maranda kutoka kwa seremala hufanya kazi.

Sipimi utajiri. Kochi lililotatuka ni habari njema.

Karatasi moja

Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja, kila mtu abaki na nakala: majina, nambari ya simu, hali ya afya ya paka, na kipengele ambacho mimi husisitiza kuliko vyote, kwamba akishindwa kumweka, paka atarudi kwangu, hatapewa mwingine wala kuachwa, na sitamlaumu. Kama ana chipu, jina la mwenyeji libadilishwe wiki hiyo hiyo.

Pesa? Sichukui. Namwomba anunue kisanduku cha kubebea na chakula cha mwezi wa kwanza. Anayesitasita hapo bili ya daktari itamshinda.

Siku ya kuhama

Chagua Jumamosi asubuhi, isiwe mwisho wa mwezi wakati lori za kuhama zimejaa ploti, wala usiku wa mwaka mpya na fataki zake. Usimlishe sana saa chache kabla. Kisanduku kiwe na mlango unaofungika, kifunikwe kwa leso, na kiwe kimekaa wazi sebuleni siku kadhaa akikizoea. Gunia hapana. Bodaboda hapana. Teksi ni bora, mradi umemwambia dereva mapema. Matatu ikibidi, kaa dirishani na kisanduku mapajani.

Mpelekee kitambaa alicholalia bila kukifua, chakula kile kile na kiasi cha mchanga wake. Chakula kipya kichanganywe kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Mwambie mwenyeji wazi kwamba ugali kwa maziwa hautoshi. Paka ni mla nyama na mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama na samaki. Omena iliyopikwa bila chumvi na kitunguu ni nzuri, lakini chakula kamili cha paka kiwepo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Siku za kwanza akae chumba kimoja. Kwenye bedsita, mtengenezee kona: katoni iliyolazwa ubavu, mdomo ukitazama ukuta. Watoto waambiwe wamsubiri aje mwenyewe. Kanuni ambayo waokoaji wengi hutumia ni ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kujificha, wiki tatu za kujifunza ratiba, miezi mitatu kabla hajajiona kwao. Asitolewe nje kabisa wiki nne za mwanzo.

Mambo mawili hayangoji. Asipokula saa 24, nipigie. Zikifika 48, aende kwa daktari, kwa kuwa paka anayekaa na njaa, hasa mnene, huharibika ini. Na dume linalokwenda mchangani mara kwa mara, likijikamua bila mkojo kutoka, linapelekwa kliniki saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kama kuna paka mwenyeji, wasionane wiki ya kwanza. Badilisheni vitambaa vyao, walishwe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kisha mlango ufunguliwe kidogo. Mbwa awe kwenye kamba. Waswahili walisema paka wa nyumba haingwa, na paka mwenyeji anaijua methali hiyo, atamfundisha mgeni.

Akitoroka siku za mwanzo, usimkimbize. Paka aliye mahali pageni kwa kawaida hujificha karibu, chini ya gari, nyuma ya tangi, ndani ya mtaro. Mtafute usiku wa manane kukiwa kimya, tochi usawa wa jicho ili macho yang'ae, kitambaa chake kikiwa mlangoni. Mwachie soja picha na nambari yako, na kitu kidogo cha chai.

Baada ya hapo

Napiga simu siku ya pili, ya saba, mwezi wa kwanza na wa tatu. Siulizi "yuko sawa?", kwa sababu jibu ni "ndiyo" daima. Nauliza amelala wapi jana, amekula nini, na naomba picha. Picha ya paka aliyelala chali katikati ya kitanda hainihitaji niulize lingine.

Akirudishwa, mshukuru aliyemrudisha. Wengine huwatupa Uhuru Park wakaficha simu. Keti naye umwulize kila kitu: saa, sauti, chakula, nani aliumwa na wapi. Hiyo ni taarifa ambayo bafu lako halikuweza kukupa. Mpe paka wiki ya kutulia, kisha andika tangazo upya, ukianza na lile lililomshinda mwenyeji wa kwanza.

Tangazo la pili la Makanika lilianza hivi: "Huamka saa kumi na moja alfajiri na hukaa mlangoni akiita mtu." Wiki tatu hakuna aliyejibu. Kisha alipiga muuguzi wa zamu za usiku, anayekaa peke yake Donholm, akaniuliza swali moja tu: je, hulia hivyo hata kama mlango unafunguka na mtu anaingia saa hiyo?